Kabla Mtoto Hajavaa Skafu

Ndugu wazazi na walezi, mababu na mabibi mliokuja badala ya wazazi, na ninyi kaka na dada wakubwa mlioachiwa jukumu hili: karibuni, na asanteni kwa kuja bila watoto kama tulivyoomba. Nina mambo ya kuwaambia ambayo hayafai kusemwa mbele ya mtoto wa miaka minane ambaye moyo wake uko kambini tayari. Yeye anaona skafu, hema na moto wa usiku. Ninyi mnatakiwa muone zaidi ya hapo kabla hamjatia sahihi.

Kwa muda niliokaa na skauti nimeona jambo moja likijirudia. Familia ikimleta mtoto, inauliza habari za sare: shati linapatikana wapi, soksi za rangi gani, mkanda wa aina gani. Jina la mtu mzima atakayekwenda na mtoto wao kambini kwa siku tatu haliulizwi. Kisha mtoto akishaingia, ukali wote unahamia kwake. Mzazi anampangia begi, anambebea, anamfungia mafundo ili apate beji, na akisikia mwanawe amepangiwa zamu ya kuosha sufuria mara mbili anakuja kumgombeza kiongozi wa kikosi, ambaye ni mtoto wa miaka kumi na mitatu. Leo nawaomba mgeuze mpango huo. Kuweni wakali kwetu sisi watu wazima. Mtoto mpeni nafasi.

Nianze na hiyo nafasi, maana ndiyo skauti yenyewe.

Mwezi Agosti 1907, Robert Baden-Powell, jenerali wa jeshi la Uingereza, alichukua wavulana wapatao 20 akaenda kupiga nao kambi kwa wiki moja kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa nchi hiyo. Baadhi yao walitoka katika shule za watoto wa matajiri kama Eton na Harrow, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya jirani, Poole na Bournemouth. Katika Uingereza ya wakati ule, kuwalaza chini ya hema moja mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua lilikuwa jambo la kushangaza. Aliwagawa katika vikosi vinne akavipa majina ya wanyama na ndege: Fahali, Mbwa Mwitu, Kunguru na Sululu. Kila kikosi kikawekewa kiongozi, mvulana mwenzao, naye akapewa madaraka ya kweli juu ya wenzake. Mahema na moto vilikuwapo zamani. Jipya lilikuwa hilo, la kumwamini mtoto na wenzake wachache, kisha mtu mzima akarudi nyuma hatua kadhaa.

Hadi leo kundi lililo hai linaendeshwa hivyo. Watoto wanagawanywa katika vikosi vya watoto sita hadi wanane. Kiongozi wa kikosi ni mtoto mwenzao, na ana msaidizi wake. Wao ndio wanaoamua nani apike, nani achote maji, hema lielekee upande gani. Viongozi wa vikosi hukaa na kiongozi mtu mzima wakapanga mambo ya kundi zima. Kwa wale wadogo tunaowaita kabu, wa miaka kama saba hadi kumi, mtu mzima anashika mambo kwa karibu zaidi. Kadiri umri unavyopanda, mkono wake unapungua. Mipaka ya umri hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo muulize mtoto wenu ataingia ngazi gani na atakaa humo hadi lini.

Sasa mjue mtakachokiona mkija kutembelea kambi. Mtaona hema limelala upande. Mtaona chakula kimeungua chini na ni kibichi juu. Mtamwona mtoto wa miaka kumi na miwili akitoa amri kwa sauti isiyotulia, na mwenzake akimbishia. Pembeni mtamwona mtu mzima amesimama, mikono nyuma, anatazama. Msidhani ni mvivu. Kusimama pale bila kuingilia ni kazi ngumu kuliko kulisimamisha lile hema mwenyewe, na viongozi wengi wapya huishindwa kwanza ndipo wakaijifunza. Usiku wa pili watoto walewale hukaza kamba kabla hawajaambiwa, kwa sababu usiku wa kwanza walilowa.

Lakini kusimama huko kuna mpaka wake. Palipo na maji ya kina, kisu, shoka, moto unaokua au barabara yenye magari, mtu mzima haachi mambo yajiendee. Vilevile pakitoka tusi la kumdhalilisha mtoto kwa umbo lake, kabila lake, dini yake au ulemavu wake, mtu mzima anaingia hapohapo. Kumwachia mtoto nafasi ya kuunguza chakula ni malezi. Kumwachia nafasi ya kumwonea mwenzake ni uzembe. Kwa kuwa madaraka yamo mikononi mwa watoto, ulizeni kiongozi wa kikosi anachaguliwaje, anafundishwa nini kabla ya kukabidhiwa wenzake, na mtoto aliyeonewa naye anakwenda kwa nani.

Wapo wanaoogopa kwamba skauti ni jeshi la watoto, na wapo wanaotamani iwe hivyo. Nasema na wote wawili. Ni kweli mwanzilishi alikuwa askari. Sifa yake aliipata kwenye mzingiro wa Mafeking, Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1900, ambako wavulana walitumika kupeleka ujumbe na kufanya kazi nyingine ndogondogo, wakaonyesha kwamba mtoto akiaminiwa hubeba dhamana. Sare, saluti na gwaride vimebaki kama alama za wakati huo. Lakini lengo la harakati hii ni elimu ya raia, kwa amani. Haimwandai mtoto kwa vita.

Kwa hiyo wewe mzazi unayemleta kijana kwa sababu hasikii nyumbani, unataka tumnyooshe, nakuomba ukae naye kwanza. Hapa hakuna viboko, hakuna kupigishwa magoti juani, hakuna kugaragazwa matopeni kwa jina la kumkaribisha mgeni. Ukilikuta kundi linalofanya hayo, hata likiwa na bendera nzuri na gwaride linalopendeza macho, mtoe mtoto wako siku hiyohiyo. Na mtoto aliyeletwa kama adhabu hutuharibikia sisi na wewe pia, kwa sababu msingi wa skauti ni ahadi, na ahadi haitolewi kwa kulazimishwa.

Ahadi yenyewe ina sehemu tatu, na ndizo zile vidole vitatu vya saluti huzikumbusha: wajibu kwa Mungu, wajibu kwa watu wengine, wajibu kwa nafsi yako. Maneno yake hutofautiana kidogo kila nchi. Mtoto huitoa mbele ya wenzake siku anapovishwa skafu, baada ya wiki kadhaa za kuhudhuria na kujifunza. Someni naye maneno hayo nyumbani kabla ya siku hiyo. Mwulizeni anaelewa nini, na muwe tayari kumsikia akisema hajawa tayari. Mtoto anayeomba asubiri mwezi mmoja ameielewa ahadi vizuri kuliko yule anayeikariri bila kusita.

Kuhusu dini, jambo hili huulizwa kwa kunong'ona, mimi nalileta hadharani. Skauti haina dini yake. Kila mtoto anatarajiwa kuishi imani ya nyumbani kwao kwa ukamilifu, na kuheshimu ya mwenzake. Kiongozi hana ruhusa ya kumvuta mtoto wenu aingie katika dini ya kiongozi. Yapo makundi yanayolelewa na kanisa au msikiti na yapo ya shule au mtaa, hivyo ulizeni kundi lenu limesimama wapi. Ulizeni kambini sala inawekewa muda gani, siku ya ibada ikiangukia safarini inakuwaje, mfungo unaheshimiwaje, na chakula kilichokatazwa kwenu kinatengwaje. Kwa familia zisizofuata dini yoyote, baadhi ya nchi zimeweka maneno mbadala ya ahadi; Uingereza ilianza kufanya hivyo mwaka 2014. Kwingine sehemu ya Mungu haina mbadala. Ni bora kulijua hilo sasa kuliko siku ya skafu.

Watoto wa kike nao wana njia zaidi ya moja. Mwaka 1909 kundi la wasichana lilijitokeza kwenye mkusanyiko wa skauti Crystal Palace, London, wakitaka na wao watambuliwe, na mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha Girl Guides. Leo kuna nchi ambako skauti wavulana na wasichana wako kundi moja, na nyingine ambako wasichana wana chama chao. Vyama vya wasichana vina shirika lao la dunia tangu 1928. Kama binti yenu ana uchaguzi, mpelekeni akaone kote kuwili, aamue mwenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niombe watoto wasiwepo.

Mwezi Oktoba 2012, kwa amri ya mahakama katika jimbo la Oregon, Marekani, yaliwekwa hadharani mafaili zaidi ya 1,200 ya chama cha Boy Scouts of America. Yalikuwa ya miaka ya 1965 hadi 1985, na yalihusu watu wazima waliotuhumiwa kuwadhalilisha watoto kingono. Chama kilikuwa kimeyatunza kwa siri. Ndani yake mlikuwa na viongozi walioondolewa kimyakimya, polisi hawakuambiwa, wazazi wa watoto wengine hawakuambiwa, na baadhi yao wakapata njia ya kurudi kwa watoto. Februari 2020 chama hicho kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Watu zaidi ya 82,000 walijitokeza kusema kwamba walidhalilishwa walipokuwa watoto humo, na mpango wa kuwalipa ulivuka dola bilioni 2.4.

Nawaambia haya mimi ninayeipenda skauti na niliyeona inavyowajenga watoto. Kuyaficha ndiko kulikowaumiza wale watoto. Na wala msidhani ni habari za nchi moja tu. Popote pale ambapo mtu mzima anapata mamlaka juu ya watoto, mbali na nyumbani, usiku, kuna mtu atakayetamani nafasi hiyo kwa nia mbaya: shuleni, michezoni, kwenye nyumba za ibada, na kwetu pia. Kinachotofautisha kundi salama ni taratibu zinazomfanya mtu huyo asipate pa kujificha.

Utaratibu wa kwanza ni huu: hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Safari yoyote, kambi yoyote, gari lolote, wawepo watu wazima wawili au zaidi. Mtoto akihitaji kuzungumza faragha na kiongozi, wanakaa mahali ambapo wengine wanawaona hata kama hawawasikii. Watu wazima hawalali hema moja na watoto. Hawaogi nao wala hawatumii bafu wakati mmoja nao. Ujumbe wa simu kutoka kwa kiongozi unapita kwenye kundi la wazazi au unamwonyesha mzazi nakala. Kiongozi hamwandikii mtoto wenu usiku, wawili peke yao, hata kama anachoandika ni ratiba ya mkutano. Mkiona utaratibu mmoja unavunjwa kwa sababu nzuri, kwamba gari lilikuwa limejaa, kwamba mwenzake aliugua, ulizeni. Ukivunjwa mara ya pili, kataeni.

Kisha ulizeni kila kiongozi alipokelewaje. Nani alichunguza rekodi yake kwenye vyombo vya sheria? Nani waliulizwa tabia yake? Amepata mafunzo ya kuwalinda watoto, na lini mara ya mwisho? Vyama vilivyo chini ya Shirika la Skauti Duniani vina wajibu wa kuwa na sera ya ulinzi wa mtoto. Ombeni muione, muisome, na mtafute humo jina la cheo cha mtu wa kupokea malalamiko ambaye hayumo ndani ya kundi lenu. Malalamiko yanayomhusu kiongozi hayawezi kuishia mezani kwa rafiki yake. Na pakiwa na dalili ya jinai, nendeni polisi au ustawi wa jamii moja kwa moja. Msisubiri kikao cha kundi, na msikubali kuombwa mlinde jina la skauti.

Kuuliza si ujinga, na katika hili kuuliza ni haki. Kiongozi mwema atafurahi, maana anajua mzazi anayeuliza ndiye anayemlinda yeye pia dhidi ya kusingiziwa. Atakayenuna, atakayesema "hamniamini?", atakayewaambia kwamba wazazi wengine hawakuuliza hayo, tayari amewajibu.

Mengine mtayafanya nyumbani. Mwambieni mtoto, kwa maneno ya umri wake, kwamba skauti haina siri ya kumficha mzazi. Kikosi kinaweza kuwa na ukelele wake, kwa hayo hakuna neno. Lakini mtu mzima akimwambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kwanza kumwambia mama. Mtoto akirudi amenyamaza isivyo kawaida, au akikataa ghafla kwenda alikokuwa akipenda, msimlazimishe na msimhoji kama mshtakiwa. Kaeni naye. Akisema jambo, mwaminini kwanza.

Nimekaa sana hapo, na sijutii. Tuendelee.

Hakikisheni kundi limesajiliwa na chama cha skauti cha taifa kinachotambuliwa. Shirika la Skauti Duniani lina wanachama zaidi ya milioni 50 katika nchi zaidi ya 170, na kila nchi mwanachama ina chama chake kinachoweza kuthibitisha kama kundi fulani ni lake. Kuna makundi yanayotumia jina na mavazi yanayofanana bila kuwa chini ya chama hicho. Baadhi yanafanya kazi nzuri, lakini humo mzigo wote wa kukagua unabaki juu yenu. Mkimwona kiongozi amevaa shanga mbili za mti kwenye uzi wa ngozi shingoni, mjue amemaliza mafunzo ya viongozi yaliyoanza mwaka 1919 katika bustani ya Gilwell, nje kidogo ya London, na leo yanatolewa duniani kote. Ni alama njema. Inaonyesha alichojifunza, moyo wake haiuonyeshi, kwa hiyo maswali yale yabaki palepale.

Kuna fomu mtakayopewa ya afya, na hapa ninawasihi. Andikeni ukweli. Kuna mzazi anayeficha pumu kwa kuogopa mtoto atakataliwa safari ya mlimani. Kuna anayeficha kifafa kwa aibu. Kuna anayeandika kwamba mtoto anajua kuogelea kwa sababu aliwahi kuchezea maji ya kiunoni, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwani mtoto mwenyewe hatasema hajui mbele ya wenzake. Tukijua, tunapanga: dawa tunazo, mtu aliyefunzwa yupo, mtoto anakwenda. Tusipojua, tunajifunza habari hiyo usiku, mbali na hospitali.

Dawa zije katika pakiti yake ya asili, na karatasi yenye jina la mtoto, kiasi na saa, akabidhiwe kiongozi mkononi. Mzio wa chakula, wa nyuki, wa dawa, andikeni na mseme kwa mdomo pia. Mtoto anayekojoa kitandani, mwambieni kiongozi kwa faragha. Ni jambo la kawaida kuliko mnavyofikiri, nasi tuna namna ya kumwamsha usiku na kubadilisha matandiko bila mwenzake kujua. Mtoto mwenye ulemavu anayo nafasi skauti, na hatua za beji zinaweza kurekebishwa ziendane na uwezo wake. Njooni mtueleze anachoweza na anachohitaji, kwa sababu ninyi mnamjua na sisi hatumjui.

Kuhusu fedha, semeni mapema kama ni tatizo. Kuna ada ya uanachama, sare, na gharama za kambi ambazo ndizo kubwa. Msinunue vyote mwezi wa kwanza. Mtoto anaweza kuhudhuria mikutano ya mwanzo kwa nguo zake za kawaida, na hema, sufuria na kamba ni mali ya kundi. Makundi mengi yana sare zilizoachwa na waliokua. Kiongozi anayemwaibisha mtoto kwa kukosa soksi hajaielewa kazi yake.

Kambi ya kwanza ndiyo inayowakosesha wazazi usingizi, kwa hiyo niseme kidogo. Wiki moja kabla, mpeni mtoto orodha ya vitu, kisha apange begi mwenyewe sakafuni mbele yenu. Akisahau tochi, mwulizeni orodha inasemaje, msiitie ninyi. Akipanga mwenyewe atajua shati kavu liko wapi gizani mvua ikinyesha. Ukimpangia wewe, atamwaga kila kitu nje. Viatu vipya avivae nyumbani siku kadhaa kwanza, la sivyo malengelenge yatamaliza safari asubuhi ya kwanza. Andikeni jina kwenye kila nguo. Begi alibebe mwenyewe mara moja hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Likimshinda, litolewe kitu.

Kukumbuka nyumbani kutakuja, hasa usiku wa kwanza, na hata kwa mtoto aliyeondoka akiruka. Kuna neno moja mzazi hulisema kwa upendo na linaharibu kambi nzima: "Ukichoka nitakuja kukuchukua." Mtoto akilisikia, kila dakika ngumu inakuwa ya kuhesabu kama inatosha kumwita mzazi, na hawezi tena kutulia. Mwambieni badala yake kwamba huenda akawakumbuka, kwamba ni kawaida, kwamba amwambie kiongozi wa kikosi au mtu mzima, na kwamba mtaonana siku fulani. Kabla ya kambi ya kwanza, alale usiku mmoja au mbili kwa ndugu au jamaa mnayemwamini. Makundi mengi hayaruhusu mtoto kubaki na simu kambini, na mimi naunga mkono, kwa sharti kwamba ninyi mnayo namba ya kiongozi inayopatikana saa zote, na mtoto anaruhusiwa kuomba apigiwe mzazi akiwa na shida ya kweli. Kundi linalomkatalia mtoto mgonjwa au mwenye hofu kuzungumza na mzazi wake, hilo nimeshawaambia mlifanyeje.

Akirudi atakuwa mchafu, amechoka, ananuka moshi. Mwacheni alale kwanza. Kisha msimwulize "Ulikula nini?" Mwulizeni kikosi chake kilifanya nini, nani aliongoza, nini kiliwashinda. Mtasikia mambo ambayo swali la chakula halitoi.

Beji nazo zina majaribu yake. Beji ya huduma ya kwanza inatakiwa imaanishe kwamba mtoto huyu anaweza kufunga jeraha na anajua kuita msaada. Mkimfanyia kazi ninyi, nguo itakuwa na beji na mtu atakuwa anavuja damu. Mpeni muda. Kuna atakayepata beji tano kwa mwaka na kuna atakayepata moja, na huyo wa moja huenda ndiye ambaye wadogo wote wa kikosi humkimbilia wakiwa na hofu. Mimi humtazama huyo.

Utakuja mwezi ambapo atasema amechoka, hataki tena. Hapo tofautisheni. Kama ni uvivu wa asubuhi au wivu kwamba mwenzake amekuwa kiongozi wa kikosi, mwambieni amalize muhula au kambi aliyoahidi, kwa kuwa wenzake wamempangia zamu. Akishamaliza na bado hataki, mruhusuni aondoke kwa heshima. Skauti ni ya hiari hadi mwisho. Kama ni hofu ya mtu, awe mkubwa au mtoto mwenzake, hakuna cha kumaliza muhula. Abaki nyumbani, nanyi mje tuzungumze siku hiyo.

La mwisho ni kuhusu ninyi wenyewe. Viongozi wengi wa skauti ni watu wa kujitolea. Wana kazi zao, wana watoto wao, na jioni ya mkutano wameikata kutoka kwenye maisha yao. Sheria ya watu wazima wawili haitekelezeki kundi likiwa na mtu mzima mmoja, na mara nyingi kambi hufutwa kwa sababu hiyo tu. Hatuhitaji kila mzazi avae sare. Tunahitaji dereva, mwuguzi wa kutufundisha huduma ya kwanza, mtu wa kuhesabu fedha na kusoma mahesabu mbele ya wote, mtu wa kukaa mlangoni jioni mtoto wa mwisho anaposubiri kuchukuliwa. Watakaojitolea kuwa na watoto watachunguzwa kama sisi tulivyochunguzwa, hata kama ni mzazi, hata kama anajulikana mtaa mzima. Naomba asikasirike mtu.

Fomu ziko mezani. Chukueni, lakini msizijaze leo. Njooni na mtoto kwenye mikutano miwili au mitatu, mkae nyuma, mtazame jinsi watoto wakubwa wanavyosema na wadogo, na jinsi watu wazima wanavyosema na wote. Karatasi yenye majina ya viongozi, mafunzo waliyopata, na namba ya mtu wa chama wa kupokea malalamiko imebandikwa mlangoni. Ipigeni picha mkitoka. Mimi nipo hadi wa mwisho wenu aondoke. Anzeni na maswali magumu, na kama kuna linalonihusu mimi, niulizeni mbele ya wote.